Usaha wa Tumboni: Dawa Ipi, kwa Siku Ngapi?

Mhadhara kwa wakazi na wahudumu wa afya wa Nzahaha, wilaya ya Rusizi



Jamaa wa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa tumbo huniuliza swali moja kuliko mengine yote: "Daktari, mnampa dawa nzuri?" Moyoni mwao wanafikiria dawa kali, dawa mpya, ile wanayosikia ipo Kigali na huku haipo. Swali hilo ni la haki. Madaktari wenyewe wamelihangaikia kwa miongo mingi, wakalipima kwa maelfu ya wagonjwa, na jibu walilolipata lazima lifike Nzahaha, kwa sababu huku lina uzito zaidi kuliko kule lilikopatikana.

Utumbo wa kila mmoja wetu umejaa bakteria, na wakikaa humo hawana neno. Lakini nje ya utumbo, katika uwazi wa tumbo, kuna utando mwembamba unaofunika viungo, na hapo hapatakiwi kijidudu hata kimoja. Kidole tumbo kikioza na kupasuka, kidonda cha tumbo kikipenya hadi upande wa pili, homa ya matumbo ikila ukuta wa utumbo mwembamba, au utumbo mpana ukijisokota mpaka damu isipite, uchafu wote humwagika juu ya utando huo. Maumivu yaliyoanza mahali pamoja huenea tumbo zima. Tumbo hukakamaa. Mgonjwa hulala bila kujigeuza, maana hata kukohoa kunamuumiza. Anatapika, hatoi upepo, moyo unamwenda mbio. Asipowahiwa, sumu ya vijidudu huingia katika damu, shinikizo la damu huanguka na figo huacha kutengeneza mkojo.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 280 wa hali hiyo, waliopokewa ndani ya miezi sita katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali, CHUK. Sababu iliyoongoza ilikuwa utumbo kuziba mpaka ukaoza au ukatoboka. Kidole tumbo kilifuata kwa mbali. Karibu mgonjwa mmoja kati ya sita alifia hospitalini. Mpangilio huo wa sababu unaniumiza kila ninapoufikiria. Utumbo ulioziba hauozi siku ile ile. Mahali ambapo chumba cha upasuaji kiko karibu, hufunguliwa mapema, na mgonjwa wake hahesabiwi kabisa miongoni mwa watu wenye usaha tumboni. Kwetu ndio unaoongoza, na kinachoufanya uongoze ni siku zilizopita kabla ya kisu.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye zama ambazo dawa hizi hazikuwapo. Mwishoni mwa karne ya 19, mtu aliyemwagikiwa na uchafu tumboni alikuwa karibu sawa na maiti: kati ya wagonjwa mia, walikufa themanini na zaidi. Mwaka 1926 daktari Mjerumani Martin Kirschner alikusanya takwimu za tangu 1890 hadi 1924 akaonyesha kwamba vifo vilikuwa vimeshuka hadi karibu sitini kati ya mia. Penisilini ilikuwa haijagunduliwa. Kilichowaokoa wale waliookolewa ni kufunguliwa tumbo, kuzibwa tundu, kutolewa kilichooza, na kuoshwa. Nawaomba mlishike jambo hili kabla sijataja dawa yoyote. Ninyi mnaolima mpunga kule bondeni Bugarama mnajua kwamba ukingo wa mfereji ukibomoka, mtu haanzi kuchota maji shambani. Huanza kuziba ukingo. Dawa ni kuchota. Ni kazi ya lazima, tena kubwa, lakini huja pamoja na kuziba, na haiwezi kushika nafasi yake.

Dawa zenyewe zilifanya nini zilipokuja? Jaribio lililotufundisha zaidi lilifanywa Marekani katikati ya miaka ya 1970, kwa panya. Watafiti waliwatia panya uchafu wa utumbo ndani ya tumbo kisha wakawagawa makundi. Wasiotibiwa, 37 kati ya mia walikufa siku za mwanzo, na waliobaki hai karibu wote wakaota majipu tumboni. Waliopewa jentamaisini peke yake, vifo vilishuka hadi 4 kati ya mia, lakini majipu yakabaki karibu kwa wote. Waliopewa klindamaisini peke yake walikufa karibu sawa na wasiotibiwa, 35 kati ya mia, ila waliopona hawakuwa na majipu isipokuwa wachache. Waliopewa zote mbili, wengi wao waliepuka vifo na majipu pia.

Maana yake ni kwamba tumboni kuna majeshi mawili. La kwanza ni bakteria kama E. coli na Klebsiella, ndio wanaoua haraka kwa kuingia katika damu. La pili ni wale wasiopenda hewa, kama Bacteroides, ambao hujenga majipu polepole. Kwa hiyo tiba yoyote inayofaa lazima iyashike majeshi yote mawili. Ndiyo sababu muuguzi anakuja na vitu viwili kwenye trei: mara nyingi seftriaksoni kwa jeshi la kwanza, na metronidazoli, ile wengi wanaiita flajili, kwa la pili. Jamaa anayemwambia muuguzi apunguze dawa moja kwa kuwa "ni nyingi" anaomba, bila kujua, lile kundi la panya waliotibiwa nusu.

Baada ya hapo zikaja dawa nyingi. Kila kampuni ilileta yake na kuipima dhidi ya iliyokuwapo. Mwaka 2005 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote ya jambo moja na kuyapima kwa mizani moja, walichapisha hesabu yao kuhusu watu wazima wenye maambukizi haya. Walikuta majaribio 40, wagonjwa 5,094, na mapambano 16 tofauti ya dawa kwa dawa. Hakuna iliyoshinda. Waliopona walilingana, waliokufa walilingana. Hata mchanganyiko wenye jentamaisini na ndugu zake, unaoogopwa kwa kuumiza figo na masikio, haukuonekana katika majaribio hayo kuwa na madhara zaidi, ingawa mimi bado naufuatilia kwa hofu kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshayumba, hasa mahali ambapo vipimo vya figo haviwezi kufanywa kila siku.

Hapa naomba tusimame. Mtu anaweza kulisoma jibu hilo na kusema basi dawa yoyote itafaa. Si hivyo. Kwanza, majaribio mengi ya aina hiyo hupangwa ili kuonyesha kwamba dawa mpya haijapitwa sana na ya zamani, ipate kibali cha kuuzwa. Ukitafuta usawa, ni rahisi kuuona. Pili, wagonjwa waliozidiwa kabisa mara nyingi huachwa nje ya majaribio, na hao ndio tunaowapokea usiku. Tatu, na hili ndilo kubwa, dawa hizo zililingana kwa sababu vijidudu vya wagonjwa wale bado vilikuwa vinazitii. Kulingana huko si tabia ya dawa milele. Ni hali ya mahali na wakati, na huharibika.

Upya nao hautoshi. Tigesaiklini ilipimwa kwa maambukizi ya tumbo dhidi ya imipenemu, ikaonekana inalingana nayo, ikapata kibali. Baadaye majaribio yake yote yalipowekwa pamoja, ikaonekana kwamba waliopewa dawa hiyo walikufa zaidi kidogo kuliko waliopewa nyingine, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaamuru onyo zito kabisa liandikwe kwenye maelezo yake. Jamaa anayeniomba dawa mpya ya Kigali namwambia habari hiyo.

Namna dawa zinavyoacha kulingana tumeiona jirani. Kati ya mwisho wa 2007 na katikati ya 2009, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ilipatwa na mlipuko wa homa ya matumbo. Wachunguzi walihesabu wagonjwa 577; kati yao 249 utumbo ulitoboka, na 47 walifariki. Kiwango cha kutoboka kama hicho si cha kawaida kwa ugonjwa huu. Bakteria waliooteshwa kutoka kwa wagonjwa, wengi wao hawakutishika na ampisilini, kloramfenikoli wala kotrimoksazoli, yaani zile dawa za bei nafuu ambazo mtu wa kijijini huanza nazo. Mgonjwa anameza vidonge siku nne, tano, anadhani anatibiwa, na wakati huo ukuta wa utumbo unaliwa. Kasese iko katika nchi jirani. Maji, mazao na watu wa ukanda huu huvuka mipaka kila siku, na vijidudu huvuka navyo bila kuonyesha kitambulisho kwa askari wa Bugarama wala wa Kamanyola.

Nchini kwetu Rwanda, watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya chuo kikuu ya Butare walichapisha mwaka 2017 matokeo ambayo kila anayelinda mgonjwa wodini angepaswa kuyajua. Walichunguza vinyesi vya wagonjwa na vya walinzi wao kutafuta bakteria wenye uwezo wa kuivunja seftriaksoni. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa nao siku ile ile ya kuingia, na walinzi zaidi ya theluthi. Wengi waliokuwa hawana waliondoka nao. Mlinzi, yule mama au shangazi anayelala chini ya kitanda, anayemwogesha mgonjwa na kumlisha, naye anarudi kijijini akiwa amewabeba, bila kuumwa na bila kujua. Siku utumbo wake yeye utakapotoboka, hao ndio watakaomwagika.

Seftriaksoni imekuwa mhanga wa wema wake. Ni nafuu, hudungwa mara moja kwa siku, huhitaji uangalizi mdogo, kwa hiyo tumeidunga kwa kila homa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 lilizigawa dawa za aina hii makundi matatu: za kutumiwa kwa kawaida, za kutumiwa kwa tahadhari, na za akiba. Seftriaksoni imo katika kundi la tahadhari. Ikituponyoka, inayofuata kwa mgonjwa wa tumbo ni meropenemu au dawa ya ngazi hiyo, ya bei kubwa zaidi na inayodungwa mara tatu kwa siku. Mituelle, bima yetu ya afya, humlipia mgonjwa asilimia 90 ya gharama za hospitali, naye huchangia kumi. Lakini asilimia kumi ya dawa ghali kwa siku nyingi inaweza kumlia mtu mbuzi wake.

Basi tunailindaje? Njia moja imethibitishwa vizuri, nayo ni kuitoa kwa siku chache. Mwaka 2015 jarida la tiba la New England lilichapisha jaribio la wagonjwa 518 wa Marekani na Kanada waliokuwa na maambukizi ya tumbo na ambao chanzo chake kilishazibwa au kutolewa usaha. Nusu walipewa dawa kwa muda wa siku nne hivi. Nusu nyingine waliendelea mpaka siku mbili baada ya homa na dalili kuisha, ambayo kwa kawaida ilifika siku nane. Waliopata kidonda kuoza, usaha kurudi, au kifo walikuwa asilimia 21.8 upande mmoja na 22.3 upande wa pili. Hakuna tofauti. Wafaransa wakaenda mbali zaidi: wakalinganisha siku 8 na 15 kwa wagonjwa waliozidiwa, waliolazwa vyumba vya uangalizi maalumu baada ya upasuaji, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba vifo vilikuwa sawa.

Kwa familia ya Nzahaha siku nne zilizookolewa ni kitu. Mlinzi anarudi shambani mapema, sindano zinapungua, mgonjwa anakaa wodini muda mfupi zaidi akiwa karibu na vijidudu vya wodi. Na msidhani daktari anayesimamisha dawa siku ya tano amewachoka au dawa imeisha stoo. Mwulizeni, atawaeleza. Lakini nawaambia pia wenzangu: siku hizo nne zinahesabiwa tangu tundu lilipozibwa. Mgonjwa aliyekaa siku tatu kituoni akidungwa seftriaksoni kabla ya kupewa rufaa hajatumia siku hata moja kati ya hizo nne. Na homa ikirudi siku ya sita, jibu la kwanza ni kutafuta usaha uliobaki, kwa mkono na kwa picha, kabla ya kubadilisha chupa.

Mtasikia redioni kwamba siku hizi kidole tumbo hutibiwa kwa dawa bila kisu. Ni kweli kwa baadhi. Marekani waliwafuatilia watu wazima 1,552, wakachapisha matokeo mwaka 2020: kati ya waliopewa dawa tu, takribani watatu katika kumi walilazimika kupasuliwa ndani ya siku 90, na wale wenye kijiwe ndani ya kidole tumbo walikuwa wanne katika kumi. Saba katika kumi walikwepa kisu kwa muda huo, na hilo ni jambo jema. Lakini wote waligunduliwa kwa picha, wengi kwa mashine ya CT, na ambaye hali yake iligeuka alikuwa na hospitali ya kumpokea saa hiyo hiyo. Kwa mtu anayekaa huku, ambaye hajapigwa picha yoyote, nisingethubutu. Na kidole tumbo kilichokwisha kupasuka na kumwaga uchafu tumbo zima hakimo katika habari hiyo.

Kuna majaribio mawili mengine ambayo nayapenda kwa sababu moja: wagonjwa wa Rwanda walikuwamo. La kwanza, lililochapishwa mwaka 2021, lilihusisha wagonjwa 5,788 katika nchi saba, zikiwamo Benin, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini. Lililinganisha dawa mbili za kusafishia ngozi kabla ya kupasua, na pia nyuzi za kawaida na nyuzi za bei zilizopakwa dawa ya kuua vijidudu. Zile za bei hazikushinda. La pili, la 2022, lilikuwa na wagonjwa zaidi ya 13,000 katika nchi hizo hizo. Lilipima jambo dogo: kabla ya kufunga tumbo, timu nzima ivue glavu, ivae mpya, na ichukue vifaa safi. Vidonda kuoza vilishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Katika kila wagonjwa mia, karibu watatu waliepushwa na usaha, dawa nyingine na kitanda cha wiki kadhaa, kwa jozi za glavu. Mimi naona hapo kuna faida kubwa kuliko dawa yoyote mpya niliyoisoma katika miaka hii, na ni jambo ambalo hospitali ya wilaya inaweza kulianza kesho.

Habari ya njia nimeiacha mpaka sasa, na njia ndiyo inayotuua. Kutoka vijiji vya Nzahaha mgonjwa huanzia kituo cha afya, ambako hakuna chumba cha upasuaji. Hupelekwa hospitali ya Mibilizi au ya Gihundwe. Ikiwa kazi inahitaji daktari bingwa wa upasuaji na hayupo, gari la wagonjwa hupanda msitu wa Nyungwe kwenda Butare, au huendelea mpaka Kigali, zaidi ya kilomita 200 za kona na ukungu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini wagonjwa wetu wengi hawafichi chochote. Wamesema tangu siku ya kwanza. Walipewa dawa ya minyoo, wakapewa dawa ya vidonda vya tumbo, wakapewa mitishamba ya kuwafanya waharishe, ambayo kwa utumbo ulioziba ni hatari kubwa, wakangoja gari, wakangoja jamaa akope. Sijui jaribio lolote kati ya yale 40 ya Cochrane lililolinganisha dawa kwa mtu aliyefika siku ya tano. Kwa hiyo ninaposema dawa zinalingana, nawasemea watu waliofika mapema.

Ndiyo maana kwa wananchi nasema hivi: mtu mwenye maumivu ya tumbo yasiyoachia kwa saa sita, pamoja na kutapika, au tumbo kukakamaa, au kutotoa upepo wala choo, asipewe dawa ya kumfanya aharishe wala kununuliwa vidonge vya rangi mbili dukani. Aletwe. Usiku pia aletwe. Namba ya gari la wagonjwa ni 912 na haitozwi. Anayeumwa anaweza kupewa dawa ya maumivu akiwa njiani. Ile hofu ya zamani kwamba itaficha ugonjwa kwa daktari imeshaachwa.

Kwa wauguzi: mkishashuku tundu tumboni, mwekeeni maji ya mshipa, mpeni dozi ya kwanza ya seftriaksoni na metronidazoli, na pigeni simu ya rufaa wakati huo huo, bila kungoja kuona kama dawa itafanya kazi. Dozi ya kwanza kabla ya safari inaokoa. Dozi ya nne mkiwa bado kituoni ni dalili kwamba kuna jambo limeharibika.

Na kwa hospitali zetu za wilaya, nina ombi moja ambalo halihitaji mashine. Kwenye karatasi ya rufaa iandikwe saa maumivu yalipoanza, na kwenye kitabu cha chumba cha upasuaji iandikwe saa ya kukata. Usaha unaotoka tumboni, kiasi kidogo kichukuliwe kwenye chupa safi na kupelekwa kuoteshwa popote maabara iliyo karibu inapoweza, hata kama jibu litakuja mgonjwa akiwa ameshatoka, kwa sababu jibu hilo ni la mgonjwa anayefuata. Tukiwa na mwaka mmoja wa karatasi kama hizo kutoka Rusizi, tutajua kama seftriaksoni bado inatiiwa katika bonde hili, na tutajua saa ngapi zinapotea kituoni, ngapi barabarani, na ngapi mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Hapo ndipo tutakapoweza kufanya jaribio letu wenyewe, la siku nne dhidi ya siku saba, kwa wagonjwa waliochelewa.